Karatasi Tuliyoinywa

Ramazani,

Salamu utapewa na mama yako, pamoja na blanketi, chumvi na maneno yote ya kula na kuoga. Mimi leo sina salamu. Nina hasira, na nimekaa kuiandika kwa sababu Alhamisi nilishindwa kuisema, mkono ukasema badala ya mdomo, na tangu siku ile unanipita humu ndani kama unapita ukuta.

Sijasahau, usidhani. Ulisimama uani na ile suti ya vifungo vya shaba aliyokuletea yule Mzungu wako, Bwana Makaratasi, mama yako na dada zako wamekaa mkekani, nawe unawafanyia mazoezi ya kazi yako mpya ya kuongoza wageni katika makumbusho ya mji mkuu, Léo. Uliinua mkono kama mtu anayeonyesha kitu ndani ya kioo. "Voici, mesdames et messieurs, la lettre du Général aux onze veuves." Yaani, mabibi na mabwana, hii ndiyo barua ya Jenerali kwa wajane kumi na mmoja. Dada zako wakashangilia. Nilitoka chumbani nikakupiga kofi mbele yao wote. Uliniuliza, "Papa, nimekosa nini?" nikarudi ndani bila kujibu.

Hukukosa kitu. Ulisema vizuri mno, na hilo ndilo lililoniwasha. Maneno yale niliyatunga mimi, na ni uongo kuanzia herufi ya kwanza hadi ya mwisho. Hapakuwa na wajane. Kesho asubuhi unapanda boti uende ukayaseme kila siku mbele ya wageni, umesimama wima, umechana nywele. Sasa hivi uko mtaa wa Tshopo, umeenda kumuaga mjomba wako. Nataka urudi ukute barua hii juu ya sanduku lako, na ukishaisoma usipande.

Huyo Jenerali hakuwa jenerali alipokuwa huku. Ujenerali alipewa kwao, uzeeni, kwa kazi aliyoifanya huku. Wazee wa Kisangani walimwita Kifagio, kwa sababu akishapita kijijini hapabaki kitu. Alikuja na askari wa serikali wakati wa vita na Waungwana, yaani watu wetu waliotoka Maniema, ambao nao hawakuwa malaika, tusidanganyane. Babu yako Amisi alikamatwa katika vita hivyo, kijana bado. Ilipojulikana kwamba anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, Kifagio hakumpiga risasi, alimpa kalamu. Kwa miaka mitatu kila barua iliyokwenda kwa wakubwa wa Waungwana na kwa watawala wa vijiji ilipita mkononi mwa babu yako, na nakala alizitia kwenye sanduku lake la bati.

Umekua ukisikia habari hii kama sifa. "Babu yetu alikuwa karani wa Jenerali." Ni mimi niliyekufundisha kuisema hivyo, tena kifua mbele.

Sanduku lile lilikaa juu ya kabati ya bibi yako Zaina, mama yangu. Bibi yako hakujua kusoma. Kwake yeye karatasi yenye herufi za Kiarabu ilikuwa karatasi ya Mungu, basi, hakuna mjadala. Alilifunika kwa kitambaa cheupe, na mtu akiugua nyumbani alichomoa karatasi moja, akaiosha kwenye bakuli la maji mpaka wino wote ukatoka, akamnywesha mgonjwa. Kombe unalijua, umeona walimu wetu wakiandika aya kwenye sahani na kuziosha. Ila walimu wanaandika aya. Bibi yako alikuwa anatunywesha barua za Kifagio. Wino wa zamani ulikuwa masizi na gundi ya mti, hauui mtu. Shangazi yako alikunywa barua ya baruti. Mimi nilipougua surua nilinyweshwa, nadhani, agizo la ndizi za askari.

Cheka ukitaka. Mimi nilicheka, siku nilipolifungua sanduku kwa siri bibi yako akiwa mtoni. Nilikuwa na miaka kama kumi na tano, nimetoka chuo cha Kurani na herufi zangu mpya, nasoma kila kitu kama mbuzi anavyokula kila kitu. Nikasoma ndizi, nikasoma chumvi, nikasoma salamu ndefu kwa watu waliokuwa wanataka kuuana. Halafu nikakuta karatasi mbili zimebanwa pamoja kwa mwiba.

Ya kwanza ilikuwa amri. Kijiji kimoja cha wavuvi wa Kigenya, pale kwenye maporomoko, kilikuwa kimekataa kutoa pembe za ndovu na wapiga kasia. Amri ilisema wachukuliwe wanawake kumi na mmoja, wafungwe kambini, wasipewe chakula mpaka waume zao watii. Ya pili ilikuwa orodha ya majina ya wanawake hao. Chini yake, kwa mwandiko mzuri ambao ningeutambua hata gizani, iliandikwa: kwa mkono wa Amisi, karani.

Nilimpelekea baba. Alikuwa ananyoa ndevu. Alisoma, akanirudishia, akaendelea kunyoa.

"Kalamu haina makosa, mutoto," alisema. "Ulitaka nikatae? Ningekataa, wewe ungezaliwa na nani?"

"Wale wanawake walirudi?"

"Wengine."

Hakuongeza neno mpaka alipokufa. Na mimi sikumwuliza tena, kwa sababu jibu lake lilinifaa. Ni jibu zuri, linamfaa kila mtu. Niliendelea kuzisoma karatasi zile mbili kwa siri, hasa orodha, kwa kuwa majina ya Kigenya katika herufi za Kiarabu ni magumu na nilitaka kuwashinda wenzangu chuoni. Nilijifunzia kusoma kwa majina ya wanawake waliofungwa. Hilo halikunisumbua hata kidogo, na leo linanisumbua kuliko mengine.

Kisha ukazaliwa wewe, na ulipofika miaka mitatu ulipata homa iliyokukunja kama jani. Bibi yako alishusha sanduku. Mkono wake ulienda kwenye orodha. Niliuona mwiba ukichomoka. Nilikuwa na mdomo wa kusema, "Mama, hii hapana, chukua nyingine," na sikusema, na usifikiri ni kwa ajili ya homa yako. Nilitaka orodha iishe. Amri haikuwa na jina la baba yangu, orodha ilikuwa nalo. Bakuli nililishika mimi mwenyewe. Nilitazama majina yakilegea, yakitoka moja moja, maji yakageuka ya kijivu, nikakuinua kichwa ukanywa. Ulilia kwa sababu ya ule ukali wa masizi. Siku ya tatu uliomba chakula.

Bibi yako hakuwa mtu wa kunyamaza. Alitangaza cité nzima, kila nyumba ya mtaa wetu. Maji yaliyobaki aliyatia kwenye chupa, na mtu wa kwanza kuja kuyaomba alikuwa Mama Veronika, yule mama wa Kigenya anayekausha samaki karibu na maporomoko. Mjukuu wake alikuwa na homa kama yako. Mama Veronika hakosi misa, lakini homa haina dini. Sasa sikiliza. Mama huyu ni mzaliwa wa kijiji kile. Mama yake mzazi alichukuliwa na askari wa Kifagio yeye akiwa bado ananyonya, na hakuonekana tena. Kila mtu anaijua habari hiyo, mimi pia niliijua, na niliishika chupa nikammiminia kikombe kikajaa.

Mjukuu alipona. Tangu hapo, umeona mwenyewe, kila Jumapili akitoka misa anapita hapa na samaki, anasema, "Asumani, nyumba yako iliniokolea mutoto." Miaka kumi na saba. Samaki hao ndio waliokukuza. Nami kila Jumapili nimesema, "Asante, mama," nikawapokea kwa mikono miwili.

Bwana Makaratasi unamjua kama mfadhili wako. Ngoja nikuonyeshe nilivyomjua mimi. Alifika miaka minne iliyopita kutafuta kila kitu alichowahi kukigusa Jenerali, kwa sababu yeye ni mjukuu wake na anamjengea chumba chake katika makumbusho ya Léo. Mimi nilitolewa ofisini nimtafsirie. Tulizunguka cité nyumba kwa nyumba. Kinyozi alitoa kiti cha kukunja. Mama mmoja alilazimika kumwaga mihogo aliyoiloweka ndani ya beseni la kuogea la Jenerali, akabaki ameshika kiuno, anauliza sasa mihogo aitie wapi. Habari zilipoenea kwamba Mzungu anataka vitu vya zamani, kila mtu akapata kumbukumbu. Alipelekewa viatu vitatu vya Jenerali, vyote vya mguu wa kushoto, akavipokea vyote. Alivifunga katika karatasi laini kama watoto wachanga. Kimoja alikililia, Ramazani, machozi kabisa. Nilikuwa nimemshikia kofia. Nilimchukia yeye, nikakichukia kiatu, nikajichukia na mimi nilivyokuwa nimeinamisha kichwa kwa adabu kama niko msibani.

Akaniuliza kuhusu makaratasi. Nilimletea zilizobaki, saba, na amri ikiwa ndani yake. Ningeweza kuichoma asubuhi ile ile. Sikuichoma, kwa kuwa ilikuwa ndefu kuliko zote na mwandiko wake ulikuwa wa kupendeza, na nilitaka anisifu.

"Nitafsirie roho yake, Asumani," alisema, "siyo maneno tu."

Wakati huo nilikuwa nimeomba kadi ya mérite civique, ile ya serikali ya kuthibitisha kwamba Mwafrika amestaarabika, unakumbuka tulivyokaa roho juu. Yeye ndiye angeniandikia barua ya kunisifia. Basi nilikaa kwenye meza ya ofisi na kamusi ya Kifaransa, nikamtafsiria roho. Kuchukuliwa nikakugeuza kuwa kupokelewa. Kambi nikaigeuza kuwa nyumba ya wageni. Wake za wavuvi nikawafanya wajane, na njaa yao nikaifanya zawadi ya nguo. Aliposoma alinikumbatia. Alisema moyo wake siku zote ulijua babu yake alikuwa mtu wa huruma.

Kadi ilikuja. Kabla haijaja walikuja wakaguzi, wakafungua makabati yetu, wakagusa vitanda, wakamwuliza mama yako kwa Kifaransa leo tunakula nini, naye maskini akajibu "merci." Tulikula kwa uma wiki nzima ili tuzoee. Kwa kadi ile naruhusiwa kutembea mjini kwa Wazungu jioni, na naruhusiwa kununua divai, mimi Mwislamu nisiyeonja hata pombe ya ndizi. Hiyo ndiyo biashara niliyoifanya. Nilitoa wanawake kumi na mmoja, nikapata ruhusa ya divai.

Nawe ukapata shule kwa barua yake, na sasa umepata kazi kwa barua yake. Ulipokuwa mdogo ulinililia nikufundishe herufi za babu, nikakwambia zimepitwa na wakati, soma Kifaransa. Ulidhani nakutakia maendeleo. Nilikuwa nahakikisha kwamba hata ukisimama mbele ya kioo kile miaka ishirini hutaweza kusoma kilichomo, utaweza kusoma tafsiri yangu tu iliyobandikwa chini yake.

Watu husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Babu yako aliandika, mimi nikatafsiri, wewe umekabidhiwa kusema. Alhamisi nilipokuona umeinua mkono uani niliona sisi watatu tumesimama ndani ya suti moja. Ndiyo maana ya kofi. Halikuwa lako, lakini shavu lilikuwa lako, na nakuomba radhi kwa hilo.

Usipande boti, Ramazani. Mrudishie suti yake. Nitasema umeugua, nitasema lolote, kusema uongo najua. Kazi nyingine

Niliitwa nikaacha hapo. Sasa ni saa kumi jioni, na sitafuta niliyoandika, ingawa nitaandika kinyume chake.

Aliyeniita ni Mama Veronika. Mama yako na dada zako walikuwa wametoka, nilikuwa peke yangu na barua hii mkononi. Alisimama mlangoni na furushi la samaki lililofungwa kwa majani.

"Asumani, mutoto anaenda kesho? Nimemuletea mbisi ya njia, nilishaikausha muzuri."

Ningeweza kusema asante, mama. Ulimi ulikuwa umeshainuka. Nikasema, "Ikaa, mama. Iko neno." Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia wewe, amri kwanza, halafu orodha, halafu bakuli. Nilizungumza nikitazama miguu yake, imejaa magamba ya samaki yaliyokauka. Hakunikatiza.

"Ile karatasi ya majina iko wapi?"

"Tuliikunywa."

"Nani?"

"Ramazani. Na mujukuu yako. Mimi ndiye nilimimina."

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Akasema, "Ulisoma mara mingi, si ndiyo? Sema majina."

Nikasema. Nilifumba macho nikaiona karatasi, nikaanza juu kushuka chini. Kila jina alilirudia polepole, kwa sauti ya chini, akilisahihisha nilivyokuwa nalitamka vibaya. Jina moja alisema, "Ule ni shangazi yangu." Lingine alisema, "Ule walimurudisha, alikufa na kikohozi." Nilipofika mwisho wa ninayoyakumbuka nikafungua macho.

"Umesema kenda," akasema. "Kule waliandika kumi na moja."

"Ndiyo, mama."

"Mama yangu jina yake Lifoko. Hukusema Lifoko." Alinitazama usoni kwa mara ya kwanza. "Alikuwa ndani?"

Ramazani, neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ingekuwa rahisi kuliko wajane. Angelia, angeshukuru, angekwenda nyumbani anajua mama yake aliandikwa mahali fulani na mtu, hata kama mtu mwenyewe ni babu yako. Sijui kama hapo ningetenda dhambi. Lakini nilishachoka na mdomo wangu.

"Sikumbuki," nikamwambia. "Mbili zimepotea. Inawezekana alikuwa mumoja yao, inawezekana hapana. Sikumbuki."

Akaweka furushi chini, akajipangusa mikono kwenye kitambaa chake, kidole kimoja kimoja.

"Miaka yote hii nilikuwa nakuombea ku misa," alisema. "Wewe na mama yako. Nilikuwa nawasha mushumaa."

"Mama, unisamehe."

"Hapana. Usiniombe masamaha leo, nitakutupia hii mbisi ku uso." Alivuta pumzi. "Kule mutoto yako anaenda, makaratasi yote ya ule mutu iko kule?"

"Yote. Hata ile vitabu yake, alikuwa anaandika kila siku mangaribi, mukono yake mwenyewe, Kifaransa. Mujukuu yake aliileta toka Ulaya."

"Mutu wa namna ile anaandika yote?"

"Anaandika yote. Hata mbuzi."

"Bon." Akasimama, taratibu, magoti yanamuuma. "Basi aende. Aende atafute mbili."

Akaondoka. Hakuniaga.

Kwa hiyo panda boti. Niliyoandika asubuhi niliyaandika kwa ajili yangu. Nilitaka kukuzuia ili nijione mimi ni baba mwema, na kioo kibaki Léo na uongo wangu ndani yake, mtu mwingine asimame akausome. Vaa ile suti. Utakachosema mbele ya wageni ni shauri lako, ukweli sasa unaujua na ulimi ni wako. Ukiusema, watakufukuza, na mimi watanipokonya kadi. Waipokonye, divai sijawahi kununua. Ukinyamaza kwanza mpaka umalize kutafuta, sitakulaumu, mimi ni mtu wa mwisho wa kumlaumu anayenyamaza. Ila usinyamaze kama mimi, mpaka kunyamaza kukawa kazi.

Bwana Makaratasi mwenyewe aliniambia vile vitabu vya kila siku hajavisoma vyote. Mwandiko wa babu yake unamchosha, anasoma kurasa za vita tu. Wewe una macho mazuri. Anapolala mchana, visome. Anza pale wanapofika kwenye maporomoko. Tafuta pembe, tafuta wapiga kasia, wanawake watakuwa karibu hapo. Majina atakuwa ameyaharibu, Wazungu huandika jina la mtu kama walivyolisikia wakiwa na usingizi, kwa hiyo yasome kwa sauti, usiyasome kwa macho.

Hawa hapa ni wale tisa, ili ukikuta jina lisilo la hawa ujue ni moja la yale mawili: Bolumbu, Lituka, Asenge, Yaisa, Bosomi, Lokwa, Alomba, Tindi, na Mangaza aliyekuwa na mimba, kwa sababu babu yako aliliandika hilo pia, pembeni, kwa herufi ndogo.

Ukiyapata yale mawili usiniandikie mimi. Mwandikie Mama Veronika. Atatafuta mtu wa kumsomea, na mtu huyo hatakuwa mimi.

Asumani